Nyonga, goti au fuvu? Mifupa ya kuchagua ukifundisha mwendo wa binadamu na wa sokwe

Mwalimu wa bayolojia akipata fedha kidogo ya vifaa, kitu cha kwanza anachokifikiria huwa ni fuvu. Fuvu linavutia. Likiwekwa juu ya meza ya maabara kila mwanafunzi analitazama, na la binadamu likikaa karibu na la sokwe, tofauti inaonekana hata kutoka benchi la nyuma. Nimeona skuli kadhaa hapa Pemba zikichagua hivyo. Lakini kama somo ni mwendo, yaani kwa nini sisi tunatembea kwa miguu miwili na sokwe anakwenda kwa minne, fuvu lisiwe chaguo la kwanza. Anza na nyonga. Ukikosa nyonga, chukua fupaja, yaani mfupa wa paja, na goti lake. Ukiwa huna senti hata moja, wapeleke wanafunzi pwani maji yakipwa wakasome nyayo zao wenyewe. Fuvu na mkono vije baadaye, tena kwa uangalifu.

Kipimo changu cha kuchagua ni uzito. Mfupa mzuri wa kufundishia mwendo ni ule unaopitisha uzito wa mwili kila hatua. Mtu akitembea kwa kawaida, takriban asilimia 80 ya muda anakuwa juu ya mguu mmoja tu. Kile kipindi ambacho miguu yote miwili inagusa chini kwa pamoja ni kifupi mno. Mnyama wa miguu minne hana shida hiyo, akiinua mguu mmoja bado ana mingine ya kumshikilia. Kwa hiyo kila mfupa uulizwe swali hili: unamsaidia vipi mwenyewe asianguke akiwa juu ya mguu mmoja? Unaojibu vizuri zaidi ndio wa kununua.

Sokwe ni yupi, na kima ni yupi

Kwetu visiwani hakuna sokwe. Wanafunzi wa Unguja wanamjua kima punju wa Jozani. Wa Pemba wanamjua tumbili, na huko Ngezi wapo kima punju walioletwa kutoka Unguja miaka ya 1970. Wote hao wana mikia, na sokwe hana mkia. Hiyo ndiyo alama ya haraka ya kuwatenganisha. Sokwe wakubwa ni sokwemtu, bonobo, gorila na orangutangu. Aliye karibu nasi kwa makazi ni sokwemtu, anayeishi Gombe na Mahale kandoni mwa Ziwa Tanganyika, na ambaye Jane Goodall alianza kumfuatilia Gombe mwaka 1960.

Nikisema sokwe humu nina maana ya sokwemtu, bonobo na gorila, kwa kuwa hao ndio wanaotembea ardhini kwa kukunja vidole vya mikono na kuegemea migongo ya pingili zake za katikati. Orangutangu akishuka chini mara nyingi huegemea ngumi. Giboni, sokwe mdogo wa Asia, akishuka hutembea kwa miguu miwili huku mikono ameiinua. Mwanafunzi makini atauliza kuhusu huyo giboni, basi mwalimu awe tayari: kusimama kwa miguu miwili kwa muda si sawa na kuwa na mifupa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo maisha yote.

Jambo jingine la kulisema mapema. Wapo walimu wenzangu wanaosita kuleta mifupa ya sokwe darasani, wakihofia kwamba mazungumzo yatahamia kwenye asili ya mwanadamu na wazazi watauliza maswali. Nawaelewa. Ushauri wangu ni kuanza na vipimo. Pembe ya fupaja inapimwa, upana wa nyonga unapimwa, idadi ya pingili za mgongo inahesabika. Mwanafunzi akishika mfupa na kipimapembe, anajifunza kitu cha kweli kuhusu mwili wake, na maswali mengine yatakuja kwa adabu na wakati wake.

Nyonga

Hapa ndipo penye utajiri, na kama kuna fedha ya jozi moja tu, iende hapa.

Chukua nyonga ya sokwemtu. Ubapa wake wa juu, ule mfupa mpana ambao kwetu sisi unashikika ukiweka mikono kiunoni, ni mrefu na mwembamba. Umepanda juu hadi karibu na mbavu za mwisho na umetazama nyuma. Ukiulaza mezani unalala bapa. Sasa chukua wa binadamu. Ubapa ni mfupi na mpana, umejipinda ukazunguka hadi ubavuni, na ukiziweka pande zote mbili pamoja na sakramu, ule mfupa wa chini ya kiuno unaoziunganisha nyuma, unapata umbo la bakuli lililoshikilia matumbo yote ya mtu aliyesimama.

Kujipinda huko hadi ubavuni ndiko kunakojibu swali letu. Misuli ya tako iko mitatu, na miwili kati yake, wa kati na ule mdogo ulio chini yake, imeshikilia kwenye ubapa huo na kuteremka hadi juu ya fupaja. Kwa sokwe, kwa kuwa ubapa umetazama nyuma, misuli hiyo iko nyuma ya kiungo, na kazi yake kubwa ni kusukuma paja nyuma wakati wa kupanda na kutembea. Kwetu sisi misuli ile ile imehamia ubavuni. Ukiinua mguu wa kushoto, misuli ya kulia inakaza na kuizuia nyonga isidondoke upande wa kushoto.

Mwanafunzi anaweza kuisikia kwa mkono wake. Asimame, aweke kiganja ubavuni mwa nyonga ya kulia, chini kidogo ya ule mfupa unaojitokeza, kisha ainue mguu wa kushoto taratibu. Nyama iliyo chini ya kiganja itakuwa ngumu papo hapo. Akiushusha mguu, inalegea. Hakuna mchoro wa ubaoni unaofundisha haraka namna hiyo. Mtu ambaye misuli hiyo imedhoofika, nyonga yake hushuka upande wa mguu ulioinuliwa, naye hulazimika kuuinamisha mwili mzima upande wa pili ili asianguke. Sokwemtu akitembea kwa miguu miwili huyumba namna hiyo, kulia na kushoto kila hatua, na hali yeye ni mzima. Mifupa yake haikumpa njia nyingine.

Nyonga ina somo la pili, na hili wasichana hulifuatilia kwa makini zaidi kuliko wavulana. Sakramu yetu ni pana na viungo vyake viko karibu na viungo vya mapaja, jambo linalofupisha safari ya uzito kutoka mgongoni hadi miguuni. Faida hiyo ina gharama. Njia ya mtoto imebanwa, na juu ya hilo mtoto wa binadamu ana kichwa kikubwa. Mlango wa kuingilia njia hiyo ni mpana zaidi kwa upande, na wa kutokea ni mpana zaidi kutoka mbele kwenda nyuma, ndiyo maana mtoto huzunguka akiwa njiani. Kichwa cha mtoto wa sokwemtu hupita kwa nafasi ya kutosha. Mkunga yeyote wa hospitali zetu anaujua mzunguko huo vizuri, na ukipata mmoja wa kuja darasani na nyonga ikiwa mezani, utakuwa umefundisha vipindi viwili kwa kimoja.

Nyonga ya Lucy, mifupa ya kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu iliyopatikana Hadar, Ethiopia, mwaka 1974, ina takriban miaka milioni 3.2, nayo ubapa wake tayari ni mfupi na mpana. Hilo linatosha kuonesha kwamba nyonga inasema jambo la mwendo kwa sauti kubwa kuliko mifupa mingine, hata pale ambapo mikono ya mwenyewe ilikuwa bado ya mpanda miti.

Fupaja na goti

Nyonga ikishinda mfuko, hili ndilo chaguo langu, na kwa skuli nyingi za shamba naliona ndilo bora kabisa kwa sababu fundi seremala wa mtaani anaweza kulichonga.

Simamisha fupaja la binadamu juu ya meza, matuta yake mawili ya chini, yale yanayokaa juu ya goti, yote yaguse meza. Mfupa hausimami wima. Unainama kwa nje, na ukining'iniza timazi ya fundi mwashi pembeni yake utaiona nafasi kati ya uzi na mfupa ikizidi kupanuka kadiri unavyopanda. Pima kwa kipimapembe: kwa mtu mzima ni kama nyuzi 8 hadi 11. Fupaja la sokwemtu likisimamishwa hivyo hivyo, pembe ni sifuri au inakaribia. Linasimama wima sambamba na timazi.

Maana yake ni kwamba mapaja yetu yanaanza mbali kwenye nyonga na kukaribiana magotini. Magoti yakikaribiana, nyayo zinakuwa karibu na mstari wa kati wa mwili, na mtu akiinua mguu mmoja, mwingine tayari uko karibu na chini ya uzito wake. Sokwe magoti yake yako mbali mbali chini ya nyonga, kwa hiyo akisimama kwa miguu miwili kila hatua inamtaka auhamishe mwili mzima hadi juu ya mguu uliobaki.

Wafanye wanafunzi walione hili kwa ukuta wa darasa. Mmoja asimame ubavu wa kulia ukiwa umegusa ukuta, bega na mguu wa kulia vyote viguse, kisha ajaribu kuinua mguu wa kushoto. Hawezi, au akiweza ni kwa nukta moja tu. Ili ausimamie mguu wa kulia alihitaji kuusogeza mwili kidogo kulia, na ukuta umemzuia. Sasa atembee mbali na ukuta kwa kuitanua miguu, umbali wa mabega mawili, na atayumba vile vile anavyoyumba sokwemtu.

Kwa seremala agizo ni rahisi: miti miwili ya urefu mmoja, wa kwanza uchongwe upachikwe wima juu ya kibao, wa pili uinamishwe nyuzi 10. Tengeneza jozi moja ya kila aina, ya miti iliyoinama iwe nyonga na mapaja ya binadamu, ya miti iliyo wima iwe ya sokwe, na umbali wa juu kati ya miti uwe sawa. Tofauti ya mahali magoti yanapoangukia itaonekana bila maneno.

Kuna jambo la fupaja linalonigusa zaidi ya mengine. Pembe hii hatuzaliwi nayo. Mtoto mchanga fupaja lake liko wima kama la sokwe, na pembe huanza kujitengeneza pale anaposimama na kuanza kutembea, ikiongezeka katika miaka ya utoto. Mtoto ambaye kwa ugonjwa hakuwahi kutembea, pembe yake haikui inavyotakiwa. Kutembea kwenyewe kunaunda mfupa wa kutembelea. Mwanafunzi akilijua hilo ataacha kuuona mfupa kuwa ni kitu kilichokufa.

Kuinama kwa fupaja kuna hatari yake: msuli mkubwa wa mbele ya paja ukikaza, unaivuta pia ya goti, kile kifupa cha mbele ya goti, kwenda nje. Kwa hiyo upande wa nje wa mfereji inamopita pia ya goti umeinuka juu zaidi kwetu, ukawa kizuizi. Kwa sokwe mfereji huo hauna haja ya ukuta wa namna hiyo na pande zake zinakaribia kulingana. Pitisha kidole kwenye modeli mbili, tofauti utaishika.

Na kama unataka ushahidi kwamba goti peke yake linatosha kumaliza kesi, mwaka 1973, mwaka mmoja kabla ya Lucy, mtafiti Donald Johanson aliokota vipande vya goti huko huko Hadar. Hakukuwa na fuvu wala nyonga. Ncha ya chini ya fupaja na ncha ya juu ya muundi zilitosha kuonesha ile pembe, na kwa hiyo kuonesha kwamba mwenye goti hilo, aliyeishi miaka zaidi ya milioni 3 iliyopita, alitembea kwa miguu miwili.

Wayo

Mguu wa sokwe una kidole gumba kilichotengana na vingine, kinachoshika tawi sawa na gumba la mkono. Katikati ya wayo wake mnakunjika: akiinua kisigino, sehemu ya katikati bado inagusa chini. Wa kwetu una kidole gumba kilichopangwa mbele pamoja na vingine, vidole vifupi, kisigino kikubwa, na upinde wa ndani unaoufanya wayo kuwa mgumu wakati wa kusukuma ardhi. Hatua yetu huanza na kisigino na kumalizia na kidole gumba.

Wapeleke watoto pwani. Vumawimbi, Jambiani, popote penye mchanga ulioloa na mgumu. Mmoja atembee kwa mwendo wake wa kawaida, wengine wachuchumae wasome: kisigino kimezama, ubavu wa ndani haukugusa au umegusa kidogo, kidole gumba kimechimba. Atakuwepo mwenye wayo bapa, na mwalimu aseme mapema kwamba hilo ni la kawaida kwa watu wengi ili asichekwe. Kisha wasimulie Laetoli, kusini ya Olduvai, ambako mwaka 1978 timu ya Mary Leakey ilikuta nyayo kama 70 zilizokanyagwa kwenye majivu ya volkano miaka milioni 3.66 iliyopita, zikiwa zimefuatana kwa mita 27 hivi. Kisigino kimezama, na gumba limeelekea mbele pamoja na vingine. Ni nchi yetu, na mtoto wa Micheweni ana haki ya kuzijua nyayo hizo kabla ya kufundishwa za mahali pengine.

Na tulichopoteza pia kioneshwe. Mkwezi wa minazi hufunga kamba miguuni kabla ya kupanda, kwa kuwa mguu wake haushiki mti. Sokwe kamba haihitaji.

Kwa gharama, wayo haushindiki, hauna bei. Kasoro yake ni kwamba unaonesha alama ya mfupa tu, mfupa wenyewe haushikiki, na mguu una mifupa midogo mingi ambayo kwenye modeli za bei rahisi imeunganishwa vibaya. Usinunue modeli ya mguu. Tumia mchanga.

Uti wa mgongo

Binadamu kwa kawaida ana pingili 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno. Sokwemtu ana 7 za shingo, 13 za kifua, na za kiuno ni 3 au 4. Kwa hesabu hiyo pekee tofauti inaonekana ndogo. Kubwa liko kwenye nafasi: kiuno cha sokwe kimebanwa kati ya mbavu na zile bapa ndefu za nyonga, hakijipindi. Kwa hiyo akisimama hawezi kukirudisha kifua juu ya miguu, naye hubaki amekunja nyonga na magoti. Jaribu kutembea hivyo kutoka lango la skuli hadi darasani na mapaja yatawaka moto. Utafiti wa mwaka 2007 uliowapima sokwemtu 5 na watu 4 juu ya mashine ya kutembelea ulionesha kwamba mwendo wa binadamu unatumia nguvu pungufu kwa takriban asilimia 75 kuliko mwendo wa sokwemtu, awe kwa miguu miwili au minne.

Mgongo wetu una mikunjo inayopokezana, shingoni kwa ndani, kifuani kwa nje, kiunoni kwa ndani. Wa sokwe una mpindo mmoja mpole. Mtoto mchanga naye anao mpindo mmoja. Wa shingo unajitokeza anapoinua kichwa, wa kiuno anapokaa na kusimama. Kwa wanawake mkunjo wa kiuno umeenea pingili 3 na kwa wanaume 2, na hilo humsaidia mjamzito kuurudisha uzito juu ya miguu tumbo linapokua.

Ni somo zuri, lakini modeli ya mgongo ni ndefu, inavunjika, na jozi ya sokwe haipatikani kirahisi. Chora ubaoni.

Fuvu, na kwa nini nimelishusha

Tofauti yenyewe ni ya kweli. Tundu kuu la fuvu, panapopita uti wa neva kutoka kwenye ubongo, kwa binadamu liko katikati ya kitako cha fuvu na limetazama chini. Kwa sokwe limesogea nyuma, na shingo inakutana na kichwa kwa mshazari. Ndiyo maana gorila dume ana misuli minene ya kisogo na ukingo wa mfupa wa kuishikilia. Kichwa chetu kimekaa juu ya shingo karibu na kujipima chenyewe. Mama anayerudi kisimani na ndoo kichwani, mkono hajaushika, anatumia mpangilio huo huo. Mtaalamu Raymond Dart alilitumia tundu hili alipolieleza fuvu la kale la mtoto wa Taung, Afrika Kusini, mwaka 1925, na hoja yake imesimama.

Lakini fuvu liko mbali na njia ya uzito wa mwili, na wanafunzi wakiliona wanaanza kuuliza habari za ubongo, meno na sura. Kipindi kinakwisha mwendo haujaguswa. Isitoshe, hata wataalamu wanaona shida. Fuvu la kiumbe wa kale aitwaye Sahelanthropus lililopatikana Chad mwaka 2001, lenye takriban miaka milioni 7, limewagawa hadi leo juu ya jinsi mwenyewe alivyotembea, na mabishano ya miaka ya karibuni yamehamia kwenye fupaja na mifupa ya mkono iliyopatikana mahali hapo. Wameishia kwenye mfupa unaobeba uzito.

Kama fuvu mnalo tayari kabatini, ligeuzeni juu chini na fundisheni kitako chake tu.

Mkono na bega: hapa ndipo watu wanapopotea

Gorila na sokwemtu wana mikono mirefu kuliko miguu. Ukichukua urefu wa miguu kuwa 100, mikono ya sokwemtu ni kama 106, ya gorila kama 116, ya orangutangu kama 140, na ya binadamu karibu 70. Wengi wanafundisha kwamba mikono imerefuka kwa sababu ya kutembea kwa minne. Sikubaliani, na jibu liko Jozani. Kima punju anatembea kwa minne juu ya matawi na ardhini, na mikono yake ni mifupi kuliko miguu. Orangutangu, anayetumia muda wake mwingi mtini akining'inia, ndiye mwenye mirefu kuliko wote hao. Mikono mirefu, vidole vilivyopinda na kiungo cha bega kilichotazama juu ni habari za kupanda na kuning'inia. Alama za kutembelea vifundo vya vidole ni ndogo, kama ule ukingo mgongoni mwa vichwa vya mifupa ya kiganja unaozuia vidole visipinduke nyuma, na mwanafunzi wa kidato cha tatu hawezi kuziona kwenye modeli ya plastiki.

Kwa hiyo usichague mkono kufundishia miguu minne. Uchague ukifundisha kupanda.

Mbuzi wa Idi kama mbadala

Mifupa ya sokwe halisi usiitafute. Biashara ya viungo vyake imezuiwa kimataifa, na wanyama wenyewe wanapungua. Mifupa ya watu nayo ina heshima yake, haichukuliwi makaburini kwa ajili ya somo. Watu wengi basi hukusanya mifupa ya mbuzi baada ya Idi, wakaichemsha na kuianika. Ni wazo zuri likitumika kwa kiasi. Nyonga ya mbuzi ni nyembamba na ndefu, na tundu la fuvu lake limetazama nyuma. Hayo yanamfundisha mtu kuhusu mnyama wa minne. Lakini kombe la bega la mbuzi limelala ubavuni mwa kifua, na mtulinga hana. Sokwe, sawa na sisi, kombe lake liko mgongoni na mtulinga anao. Kiuno cha mbuzi ni kirefu na kinakunjika, cha sokwe ni kifupi na kigumu. Na mbuzi hukanyaga kwa ncha za vidole viwili vyenye kwato, na sokwe hukanyaga kwa wayo mzima. Ukimweka mbuzi badala ya sokwe, onesha nyonga na fuvu, bega na mguu viache kwenye gunia.

Basi chagua hivi

Skuli isiyo na fungu lolote itumie pwani, ukuta wa darasa na kiganja ubavuni. Ikipata mbao na seremala, iongeze mapaja ya nyuzi 10 na sifuri. Vyuo vya ualimu na skuli zenye kidato cha tano na sita, ambazo zina uwezo wa kuagiza, zinunue nakala za plastiki za nyonga mbili, ya binadamu na ya sokwemtu, za ukubwa halisi, maana zilizopunguzwa hazipokei vidole vya mwanafunzi wala hazilingani na mwili wake mwenyewe. Muulize muuzaji kama sokwe ni mtu mzima. Muulize pia kama sakramu imo, kwa kuwa zipo nyonga zinazouzwa nusu, na nusu haiwezi kuonesha njia ya mtoto wala umbali kati ya mapaja.